Walaji Wanakufa Mwezi wa Nne

Jumatatu, 30 Juni 2025

Wamekufa tena. Wote. Mwezi wa nne, kama kawaida yao.

Niliwawekea kila kitu. Jua, mbolea ya kutoka chini ya bahari, upepo wa kuyakoroga maji. Vimea vikaota vizuri, bahari yote ya kwenye kompyuta ikawa kijani, nikapata matumaini. Kisha walaji wakaingia. Wakala, wakazaana, wakala, wakazaana, na Aprili ilipofika hapakuwa na kimea hata kimoja. Walaji nao wakafa kwa njaa. Kuanzia hapo mpaka Desemba ni maji matupu. Niliyatazama yale maji kwa muda mrefu. Sidhani kama yupo mtu mwingine Nachingwea aliyewahi kufiwa na bahari nzima.

Niandike hapa kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Mimi ni Salimu, mwana wa Bi Sikuzani wa Naipingo, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari. Kazi yangu ni planktoni, yaani vile vimea na vijidudu vya baharini visivyoonekana kwa macho, ambavyo samaki wote wanavitegemea. Siendi kuvivua. Kuvivua kunataka kupanda chombo, na mimi chombo kikitikisika natapika, hata kikiwa kimefungwa. Navifuga ndani ya kompyuta. Inaitwa modeli. Ni bahari ya hesabu, haina chumvi wala haimtapishi mtu.

Msimamizi wangu, Dk. Hafidha, amepiga simu kutoka chuoni. Amesema hii ndiyo nyongeza ya mwisho ya muda. Modeli imalize mwaka mzima viumbe wakiwa hai, na niiwasilishe tarehe kumi mwezi wa nane. Nisipofanya hivyo jina langu linafutwa. Halafu akauliza swali lake la siku zote: katika modeli yangu, nani anawala walaji? Nikamjibu kwa adabu kwamba nitalitazama. Sitalitazama. Kuweka samaki wa kuwala walaji ni kuandika modeli upya, na mtu mzima aliyesoma hawezi kurudi mwanzo kila anapoulizwa swali.

Umeme ukakatika nikiwa bado naomboleza. Betri ya kompyuta ilishakufa tangu mwaka jana, kwa hiyo kila kitu kikazimika.

Mama akauliza kama wadudu wangu hawajambo. Nikamwambia wamefariki. Akasema pole mwanangu, akaenda kutazama mikorosho yake, ambayo imeanza kutoa maua. Aliipanda bibi, mama akairithi. Ndiyo inayotulisha mwaka mzima, chakula, sabuni, na ada yangu. Zaidi ya mikorosho hiyo hatuna kitu.

Alhamisi, 3 Julai

Maximilian amekuja kijijini na pikipiki mpya. Siku hizi ni bwana shamba, kituo chake Ruangwa lakini anazunguka mpaka huku. Tulikaa dawati moja sekondari, na hesabu alikuwa ananakili kwangu. Leo yeye ana mshahara na viatu vya mvua vinavyofika magotini, wakati wa kiangazi. Mimi nina bahari iliyokufa.

Amewakusanya watu kwenye ofisi ya kijiji akawaambia maua yametoka, kwa hiyo kila mtu apulize salfa alfajiri, umande ukiwa bado uko kwenye majani, na arudie kila baada ya wiki mbili. Asiruke mtu. Ubwiriunga ukipata shamba moja la kulala, kesho unaamkia kwa jirani. Kana kwamba kuna mtu hapa asiyeujua ubwiriunga! Ule ukungu mweupe unaokaa kwenye maua ya mkorosho kama unga uliomwagika, mpaka yanakauka na kuwa meusi. Watoto wanaujua. Lakini watu walitikisa vichwa kwa heshima kubwa.

Mzee Faridi, ambaye shamba lake limepakana na letu, akauliza kwa sauti ya kusikika, Daktari wa Bahari anasemaje? Watu wakacheka. Maximilian hakucheka. Akasema kazi ya Salimu ni kazi kubwa kuliko tunavyoijua. Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko ambavyo ningekasirika angecheka naye.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepata!

Ilinijia msikitini, wakati wa hotuba, Mungu anisamehe. Vimea ni chakula na walaji ni walaji. Maua ya korosho je? Ni chakula. Na ubwiriunga? Ni mlaji. Hesabu ni zile zile. Nimerudi mbio, umeme ulikuwepo, nikabadili majina tu. Palipoandikwa vimea nikaandika maua. Palipoandikwa walaji nikaandika ubwiriunga. Nikabonyeza.

Ubwiriunga ukaingia. Ukaongezeka. Ukafika kileleni. Kisha, bila salfa na bila Maximilian, ukafa wenyewe mpaka sifuri. Nilisimama nikazunguka meza. Watu wote hawa wanakohoa salfa kila alfajiri kwa ajili ya ugonjwa unaokufa wenyewe! Mstari wa maua sikuutazama sana, kwa sababu una sura ile ile ya mstari wa vimea, na ule umeshanitesa vya kutosha.

Sasa sikiliza uzuri wa mpango wenyewe. Mama alishapewa mifuko yake ya salfa na chama cha msingi. Haihitaji tena. Benedikto, kinyozi wa Nachingwea mjini, ana sola kubwa na betri zisizozimika, na ana mikorosho Malolo, na jina lake lilirukwa kwenye mgao wa salfa. Salfa iende kwake, umeme uje kwangu. Modeli itakimbia bila kukatika, Dk. Hafidha ataridhika, na mwezi wa kumi korosho zetu zitakapoanguka bila kupulizwa hata mara moja, Maximilian atavua vile viatu.

Nimemweleza mama. Amesikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hajui mambo ya kompyuta, ila kama mimi nimesoma na ndivyo nilivyoona, basi. Lakini akasema salfa haiwezi kuachwa bila neno la kaka yake. Lazima niende Nandagala.

Jumapili, 6 Julai

Nandagala. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba anakuzaa, mjomba anakuamulia. Mjomba Masoudi nilimkuta ndiyo kwanza anatoka shambani, salfa imemjaa mpaka kwenye kope, anakohoa.

Nilimweleza yote. Akauliza hawa wadudu wa baharini nimewahi kuwaona. Nikasema hawaonekani. Akauliza nani anawalisha. Nikasema najilisha, yaani wanajilisha. Akatafuta neno la Kiswahili, hakulipata, akasema kwa Kimwera jambo lililomchekesha mke wake. Kisha akasema mpwa wake ndiye aliyesoma kuliko wote katika ukoo, na ukoo haukumsomesha ili asisikilizwe. Akaruhusu.

Nikamwambia basi na yeye aache kupuliza, tuwe pamoja. Akasema hapana, elimu ya mtoto ianze kwa mama yake. Yeye atangojea kuona. Nilisikia uchungu kidogo, lakini ruhusa ni ruhusa. Kwenye bodaboda ya kurudi vumbi liliniingia mdomoni njia nzima kwa sababu nilikuwa natabasamu.

Jumanne, 8 Julai

Mifuko imefika kwa Benedikto, imefunikwa kwa majani ya migomba. Nilimwomba asimwambie mtu, maana salfa ya mgao haibadilishwi na kitu. Akasema kinyozi akisema yote anayoyajua mji utahama. Kompyuta yangu iko kwenye kona ya saluni yake, chini ya kioo, imechomekwa kwenye betri zake. Nimerudisha majina ya vimea na walaji. Inakimbia polepole lakini inakimbia.

Jambo moja sikulifikiria. Kesho kutwa ni zamu yetu ya mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni tunayochangia na Mzee Faridi. Nisipopuliza atajua, na akijua yeye Maximilian atajua kabla ya adhuhuri. Nimelala chali kitandani nafikiri.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepuliza. Si salfa. Unga wa muhogo.

Unga ni mweupe na salfa ni ya njano, kwa hiyo niliuchanganya na binzari ya mama, yote iliyokuwepo. Rangi ilifanana kabisa. Alfajiri, umande juu ya majani, mashine inaunguruma mgongoni, wingu la njano likapanda juu ya mikorosho vizuri sana. Kwa mbali nilikuwa mkulima wa mfano.

Kwa karibu mambo yalikuwa mengine. Kwanza walikuja kuku wetu. Kisha wakaja kuku wa Mzee Faridi. Kisha wakaja kuku ambao siwajui ni wa nani. Walinifuata mti kwa mti, kundi lote, wakidonoa chini, na jogoo mmoja alipanda juu ya mkorosho kabisa. Mbuzi wawili wakakata kamba. Na harufu! Naipingo nzima iliamka ikadhani kuna shughuli mahali na haikualikwa.

Mzee Faridi alisimama mpakani akanusa. Akauliza kwa nini salfa yetu inanukia pilau. Nikamwambia ya mwaka huu imeboreshwa. Akasema yake haikuboreshwa. Nikasema inategemea mfuko. Akachukua mashine yake akaondoka.

Mama akaniuliza unga wa kwenye pipa umekwenda wapi. Nikamwambia umekwenda kwenye utafiti. Jioni tulikula viazi.

Jumanne, 15 Julai

Siku nzuri. Niiandike vizuri maana ni chache.

Nimeshinda saluni. Modeli imefika mwezi wa tatu, walaji wananenepa, vimea bado vipo. Wateja wa Benedikto wanakaa kusubiri wembe huku wanatazama bahari yangu badala ya mpira. Mmoja akauliza kijani kinaongoza ngapi. Nikawaeleza kuhusu planktoni, na kwamba nusu ya oksijeni wanayoivuta pale kwenye kiti imetengenezwa na vimea vya namna hii. Mzee mmoja akavuta pumzi kwa uangalifu, kama anaionja. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka chuoni nilijisikia kwamba kazi yangu ni kazi.

Nimemwandikia Dk. Hafidha kwamba kuna maendeleo. Akajibu amefurahi, na je, nimeshaweka wa kuwala walaji? Mwanamke huyu hafurahi kwa ukamilifu.

Alhamisi, 17 Julai

Maximilian amepita shambani kwetu bila kualikwa. Nilimkuta ameinamisha tawi la maua, anatazama uso umekunjamana. Maua yalikuwa na weupe. Akasema kwa sauti ya chini, Salimu, huu ni ubwiriunga, mmepuliza lini?

Nilikaribia kucheka mbele yake. Ubwiriunga! Ule ni unga wangu wa muhogo. Binzari imepauka kwa jua, unga ukabaki. Bwana shamba mzima hawezi kutofautisha ugonjwa na chakula cha jioni. Sikuweza kumwambia, ila nilifurahi sana ndani. Nikasema tumepuliza, asiwe na wasiwasi. Akasema kama ni hivyo salfa ile ilikuwa mbovu, yeye ana kidogo kwenye pikipiki, kama nataka apulize sasa hivi. Nikamshukuru nikamkatalia. Akaondoka anageuka nyuma nyuma.

Nimechukua kitambaa nikapangusa maua ya matawi ya chini, asije akapita tena akaona.

Jumapili, 20 Julai

Unga umerudi.

Nilipopangusa, panabaki safi. Asubuhi pako vile vile, na zaidi. Na umepanda kwenye matawi ambayo mashine haikuyafikia. Juzi nilifikiri ni upepo umeutoa chini ukaupandisha juu, kama upepo unavyokoroga bahari na kupandisha mbolea. Nilishaanza hata kuandika aya kuhusu jambo hilo. Unga wa muhogo wa Naipingo ni mkaidi sana, niliandika.

Mama alinifuata shambani wakati napangusa. Akauliza nafanya nini. Nilichoka kudanganya, nikamwambia yote kuhusu unga, binzari na Mzee Faridi. Mifuko ya salfa nikasema iko mahali salama. Nikamwambia asiogope, weupe huu ni unga wake mwenyewe.

Akavuta tawi. Akapitisha kidole kwenye ua, akakiweka kwenye ulimi. Akasimama hivyo hivyo, mdomo wazi kidogo.

Kisha akasema, huu si unga wangu.

Alitembea mti kwa mti, anavuta tawi, anatazama, anaachia. Nilibaki na kitambaa mkononi. Kuku walikuwa bado wananifuata.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Benedikto kudai salfa. Nikamwambia arudishe mifuko, hata nusu, mpango umevunjika. Akaendelea kunyoa kichwa cha mtu. Akasema mifuko ilishapulizwa Malolo, raundi ya kwanza na ya pili. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Maua yake yalikuwa mengi, yana wekundu wa afya, hayana doa. Akasema asante sana, Daktari. Nadhani alisema kwa moyo safi, na hilo lilinichoma.

Nikapandisha sauti. Nikasema mambo kuhusu Wakristo wa mjini ambayo mama angeyasikia angenipiga kofi. Benedikto hakugombana. Akasema kama mpango umevunjika basi umevunjika kote, akachomoa waya wa kompyuta. Mwenye kichwa nusu akasema hata hivyo bahari ilikuwa imeshakuwa nyeusi tangu asubuhi. Nikauliza mwezi wa ngapi. Akasema pale juu paliandikwa Aprili.

Nimeibeba kompyuta kwenye mfuko wa rambo mpaka nyumbani.

Jumatano, 23 Julai

Mama amekwenda mwenyewe kumtafuta Maximilian. Hakuniambia. Alimkuta njiani akamshika pikipiki kwa mikono miwili.

Alfajiri ya leo Maximilian alikuja na salfa iliyobaki kwenye mashamba ya watu, na mashine ya Mzee Faridi. Amepuliza mpaka jua lilipotoka. Amesema miti ile ya kando ya njia huenda ikabakiza kitu. Mingine maua yameshashikwa mpaka kwenye kikonyo, salfa inazuia, haifufui. Alimwambia mama, si mimi. Alimwita mama yangu mama. Kisha akanipa mkono na kuondoka kwenda kazini, njano mwili mzima.

Anafanya makusudi. Anajua kwamba wema wa namna ile mbele ya watu unaniua. Nimeandika hivyo kisha nimekaa muda nikiitazama sentensi yenyewe, lakini naiacha.

Safu ya mpakani ya Mzee Faridi nayo imeshika weupe. Amepita mbele yangu bila salamu. Hapa Naipingo mtu anamsalimia hata aliyemwibia kuku.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijaandika siku nyingi kwa sababu hakukuwa na la kuandika. Maua yamekuwa meusi. Ukilishika tawi yanaanguka mkononi yote. Shamba la Mzee Faridi, ng'ambo ya ile safu moja, limeanza kushika vikorosho vidogo vya kijani. Upande wetu hakuna kitu, isipokuwa ile miti michache ya njiani.

Mjomba Masoudi amekuja kutoka Nandagala. Alizunguka shamba peke yake, mikono nyuma. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepumua. Alikuja akakaa na mama barazani, wakaongea Kimwera kwa sauti ndogo, na kila walipotaja jina langu walilitaja taratibu, kama jina la mgonjwa. Alipoondoka aliniambia tu kwamba bibi yangu alimwagilia ile mikorosho kwa kata, kutoka kisimani, mti mmoja mmoja. Nililia baada ya yeye kwenda. Nimelia nyuma ya choo ili mama asisikie.

Lakini jioni, nikiwa bado huko nyuma, niligundua jambo. Nikatoka nikakagua mti kwa mti ili niwe na hakika. Ubwiriunga umekwisha! Hakuna weupe popote. Maua yalipokwisha, nao ukakosa pa kukaa, ukatoweka wenyewe. Mlaji alikula, akaongezeka, akamaliza, akafa. Sawasawa na mstari wa modeli.

Modeli ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nimepiga picha matawi meusi matano, umeme uliporudi nikamtumia Dk. Hafidha. Nikamwandikia kwamba ninao sasa ushahidi wa shambani. Kwamba viumbe kufa mwezi wa nne si kosa la modeli, ni tabia ya dunia. Nikaomba suala hilo lifikiriwe.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya mwisho ya kuwasilisha. Dk. Hafidha amejibu asubuhi. Amesema pole kwa korosho, nimpe pole na mama. Amesema picha zile zinaonyesha kitu kimoja tu, kwamba pale shambani alikuwepo wa kumzuia mlaji, naye ni salfa, na mtu akamwondoa. Anauliza kama naona sasa alichokuwa ananiuliza. Anasema nikiona, nimwandikie kabla ya usiku, hata mistari mitatu, atanitetea kwenye kamati.

Nimeisoma mara nyingi. Ni barua ya mtu ambaye hajawahi kukaa Naipingo. Anachanganya bahari na korosho, vitu viwili tofauti kabisa.

Mama amepika mchana. Ugali mdogo, wa mviringo, ungetosha mtoto. Akaniambia huo ndio unga wa mwisho wa pipa, uliobaki pembeni pembeni. Akasema kesho alfajiri anahamia Nandagala kwa kaka yake, atasaidia kuokota korosho za huko mpaka msimu uishe, kwa sababu hapa hapatoshi watu wawili. Aliongea bila hasira. Akanisogezea sahani yangu karibu, akala kidogo, akasema ameshiba. Nilijua hajashiba. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikamega tonge, na yeye akainuka kwenda kufunga nguo zake kwenye kanga.

Nikakaa na lile pipa tupu. Na hapo, nikilitazama, akili ikafunguka.

Umeme ulikuwepo. Nikawasha kompyuta, nikabadili majina. Palipokuwa vimea nikaandika unga. Palipokuwa walaji nikaandika watu, wawili. Nikaweka na viazi, na kuku tulionao, ambao sasa wamenona. Nikabonyeza. Walaji wakafa mwezi wa nne. Nikatikisa kichwa. Nikamtoa mlaji mmoja, yule anayekwenda Nandagala, nikabonyeza tena.

Amefika mwezi wa nane! Peke yake, mwembamba, lakini hai. Miaka yote hii modeli yangu haijawahi kumfikisha mtu mwezi wa nane.

Nimemwandikia Dk. Hafidha mistari mitatu kama alivyotaka. Nimemwambia tatizo limepatikana, walaji walikuwa wengi mno. Mama bado yuko chumbani anafunga mizigo yake. Amesema niende nikamshikie kona moja ya kanga akaze fundo. Nimemjibu nakuja, namalizia.